Sanamu ya Teresa Ilivyogeuzwa Kuwa ya Anuarite

Mtu atokaye Arua upande wa Uganda na kuvuka mpaka kuja Ariwara hulakiwa kwanza na soko. Mji wetu ni mji wa biashara katika eneo la Aru, mkoani Ituri, na vitu vingi viuzwavyo hapa vimetoka mbali: vimeshuka melini Mombasa, vikapita Kampala, vikafika Arua, ndipo vikaletwa kwetu. Sabuni, sufuria na baiskeli huja kwa njia hiyo. Watakatifu nao huja kwa njia hiyo hiyo. Twasema sanamu zao, zile zitengenezwazo viwandani, ambazo hupangwa dukani kati ya rozari na mishumaa.

Sanamu hizo karibu zote zafanana: uso mweupe, mashavu mekundu, macho ya buluu yaliyoinuliwa juu. Hatuzidharau. Wazee wetu walisali mbele ya sanamu za namna hiyo, na Mungu aliwasikia. Lakini siku moja mtoto wa darasa la tatu, aliyesimama dukani pamoja na mama yake, alizitazama moja moja mpaka mwisho wa rafu, kisha akauliza: "Mama, watakatifu wa kwetu wauzwa wapi?" Mama yake hakuwa na jibu. Sisi tuliokuwapo hatukuwa nalo pia. Makala haya ni habari ya jibu tulilolipata baadaye, kwa mikono yetu wenyewe na kwa makosa yetu wenyewe.

AJALI YA NJIANI

Jumuiya yetu ndogo ya kikristu ilikuwa imechanga fedha muda mrefu ili kununua sanamu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mchango mkubwa kuliko yote ulitoka kwa mama mmoja mzee auzaye maharage sokoni, ambaye hutuongozea rozari kila juma. Sanamu ilinunuliwa, nayo ilikuwa na urefu wa sentimita 60. Ikafungwa magazeti, ikapakiwa nyuma ya pikipiki, ikaanza safari. Barabara zetu mwazijua. Tulipoifungua tulikuta mikono yote miwili imekatika chini ya viwiko, na ule msalaba uliofunikwa mawaridi, ambao Teresa huukumbatia kifuani, umekuwa vipande vitatu.

Tulisimama kimya kama watu waliofiwa. Ndipo kijana mmoja seremala, aliyewahi kufanya kazi Kampala katika karakana ya kunyosha na kupaka rangi magari, alipokiokota kipande kimoja na kukidondoshea tone la maji. Maji hayakunywewa, yakabaki juu kama umande juu ya jani. "Hii si plasta," akasema. "Plasta ingeyanywa maji. Hii ni resini."

Resini ni uji mzito utengenezwao viwandani, ambao huchanganywa na dawa ya kuukaza, ukamiminwa katika kalibu, ukawa mgumu kama jiwe jepesi. Mara nyingi hutiwa unga wa mawe ili upate uzito. Kijana alituambia kwamba Japani, hasa tangu miaka ya 1980, kumekuwa na watu wapendao kununua sanamu ndogo za resini za mashujaa wa sinema na wa hadithi. Huuzwa vipande vipande sandukuni, kichwa mbali na mikono mbali, na mnunuzi huziunga na kuzipaka rangi mwenyewe. Na mafundi hodari miongoni mwao hawaridhiki na mtu aliyemo sandukuni. Hukata, huongeza, hupunguza, hata askari akawa mfalme na mfalme akawa mvuvi.

"Gundi yaweza kumrudishia Teresa mikono yake," akamaliza kijana. "Lakini mkono uliokwisha kukatika waweza pia kufundishwa kushika kitu kingine."

Ndipo mwalimu alipolikumbuka swali la yule mtoto, akalitaja jina la Anuarite.

WASICHANA WAWILI WA MIAKA 24

Mnaweza kustaajabu kwamba tuliwaza kumgeuza Mfaransa wa nchi ya baridi awe msichana wa msitu wetu. Lakini sikilizeni jinsi maisha yao yanavyokaribiana.

Teresa alizaliwa tarehe 2 Januari 1873, akaingia utawa wa Wakarmeli huko Lisieux, Ufaransa, akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897. Alikuwa na miaka 24. Papa Pio XI alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akamweka kuwa msimamizi wa misioni, ijapokuwa hakupata kukanyaga nchi yo yote ya misioni.

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, katika kabila la Wabudu. Jina alilopewa kwao ni Nengapeta. Sista aliyemwandikisha shuleni alilichanganya na jina la dada yake, akaandika Anuarite, na kosa hilo la kalamu ndilo jina ambalo ulimwengu wamjua kwalo. Aliingia katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu, akaweka nadhiri mwaka 1959 akiitwa Sista Marie-Clémentine, akafundisha watoto wa shule ya msingi huko Bafwabaka, akatunza sakristia na kusaidia jikoni. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi wa Simba waliwachukua Masista wa Bafwabaka kwa lori mpaka Isiro. Huko mkubwa mmoja wa askari alitaka kumfanya Anuarite kuwa mwanamke wake. Alikataa. Alipigwa vibaya, akamsamehe ampigaye, kisha akachomwa visu na kupigwa risasi, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Wiki sita tu kabla ya hapo Papa Paulo VI alikuwa amewatangaza Wafiadini 22 wa Uganda kuwa Watakatifu. Naye Anuarite alitangazwa Mwenye Heri na Papa Yohane Paulo II, mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985.

Alipouawa alikuwa bado hajatimiza miaka 25. Basi wote wawili walikuwa watawa, na wote wawili walikufa na miaka 24. Isiro si ng'ambo ya bahari, bali i katika mkoa wa Haut-Uele, jirani wa mkoa wetu. Tuliona kwamba kimo na umri wa sanamu vyatufaa. Tulidhani yaliyobaki ni madogo. Kumbe tulikuwa hatujaanza.

JE, NI HALALI?

Mama mzee aliuliza neno ambalo sisi vijana hatukuliwaza: "Wanangu, mtamvua Teresa utakatifu wake ili mmvike mwingine? Mimi nimetoa fedha kwa ajili yake." Kwa hiyo tulikwenda kwanza kwa padri, na msumeno ukabaki nyumbani. Yafaa tueleze aliyotufundisha, kwa maana wako wengi wanaodhani kwamba sanamu ni mtakatifu mwenyewe aliyekaa rafuni.

Mtaguso wa pili wa Nisea mwaka 787, na tena Mtaguso wa Trento mwaka 1563, yafundisha kwamba heshima itolewayo mbele ya sanamu humwendea yule aonyeshwaye na sanamu. Ndani ya mti, jiwe au resini hamna nguvu ya Kimungu ya kuombwa. Teresa yuko kwa Mungu. Msumeno haumfikii. Lakini hiyo si ruhusa ya kucheza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1171, yaamuru vitu vilivyobarikiwa vitumiwe kwa heshima. Kanuni ya 1189 yasema sanamu yenye thamani kwa ukale, ufundi au ibada ya watu isitengenezwe pasipo idhini ya maandishi ya mkubwa wa Kanisa. Tena kanuni ya 1187 yaruhusu ibada ya hadhara kwa wale tu walioandikwa na Kanisa kuwa Watakatifu au Wenye Heri, na Anuarite ni mmoja wao.

Sanamu yetu ilikuwa mpya, haijabarikiwa, wala haijasaliwa mbele yake. Padri alikubali. Tena alitukumbusha kwamba Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitamka kuwa Kanisa halikujifungia katika ufundi wa taifa moja, na kwamba ufundi wa mataifa yote una nafasi ndani yake. Lakini aliweka sharti moja: "Msiwadanganye watu." Wakati ule hatukulielewa sharti hilo kwa kina.

TULIPODHANI RANGI YATOSHA

Sasa yatupasa kukiri kosa letu. Tulikuwa na haraka, maana tulitaka sanamu iwe tayari tarehe 1 Desemba, sikukuu ya Anuarite. Tukaiunga mikono kwa gundi, tukaondoa mawaridi, tukanunua kopo la rangi ya kahawia nzito, tukaupaka uso na mikono. Shela tukaipaka upya. Kazi ya mchana mmoja. Tulijisifu, tukamwita mama mzee.

Aliitazama muda mrefu. Akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni Anuarite, mama."

"Hapana, wanangu. Huyu ni Teresa aliyepakwa masizi. Pua ni ya Teresa, mdomo ni wa Teresa, macho yatazama dari kama Teresa. Hata viganja mmevifanya vyeusi. Ni nani kati yenu mwenye kiganja cheusi?"

Kila mmoja alitazama kiganja chake kwa siri. Alisema kweli. Sote tuliumbwa na viganja vyepesi kuliko migongo ya mikono yetu, nasi wenyewe tulikuwa tumesahau. Tulikuwa tumemwaza mtu mweusi kama awazwavyo na mtu asiyemjua: rangi moja, kutoka utosini hata vidoleni.

Mama akaendelea kwa sauti ya chini: "Mwaka 1964 nilikuwa msichana mdogo. Tulikimbilia Uganda usiku, mama yangu akiniziba mdomo nisilie. Najua uso wa msichana aliyeogopa. Anuarite aliogopa, nanyi mmempa uso wa kalenda. Kama aliogopa na bado akakataa, hiyo ndiyo habari yake. Mkiiondoa hofu, mmeiondoa habari."

Usiku ule tuliiondoa rangi yote.

KAZI YENYEWE

Tulianza upya kwa karatasi na penseli. Mama alitupa kadi yenye picha ya Anuarite aliyokuwa akiitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Tukachora sanamu ilivyo, mbele na ubavuni, kisha juu yake tukachora itakavyokuwa. Hapo ndipo tuliona lipi libaki na lipi liondoke. Kusimama kwake kulifaa, na makunjo ya kanzu chini ya magoti yalifaa. Joho la Kikarmeli liondoke, na ile nguo ndefu ya mabegani iitwayo skapulari iondoke. Mikono iondoke tena. Uso uondoke.

Ndugu mtakao kujaribu kazi hii, angalieni hatua zake. Kwanza sanamu huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa sababu kalibu za viwandani hupakwa mafuta, na penye mafuta gundi haishiki. Kisha hukatwa kwa msumeno wa meno madogo, polepole, kwa kufuata kunjo la nguo au ukingo wa mkono wa kanzu, ili kiungo kijifiche mahali ambapo jicho latazamia mstari.

Vumbi la resini ni adui wa mapafu. Siku ya kwanza tulipiga msasa pasipo barakoa, tukakohoa mpaka usiku. Tangu hapo tulifanya kazi nje ya nyumba, tumefunika pua na mdomo, na msasa tuliulowesha maji ili vumbi lishuke badala ya kupaa. Watoto waliokuja kutazama tuliwaweka mbali.

Kiungo cha gundi tupu hakidumu. Lazima kiwe na mfupa. Mfupa wetu ulikuwa vipande vya spoki ya baiskeli. Hutobolewa tundu katika bega na tundu katika mkono, spoki ikaingia pande zote mbili. Kuyalinganisha matundu hayo ni shida, lakini seremala wetu alijua hila: hutoboa upande mmoja, hutia tone la rangi mbichi juu ya tundu, kisha husogeza upande wa pili uguse. Alama ya rangi humwonyesha mahali pa kutoboa.

Nyama ya mwili mpya ni puti ya sehemu mbili. Sehemu hizo ni laini zikiwa mbalimbali, nazo huwa ngumu zikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kabla haijakauka hufinyangwa kama udongo, kwa kijiti na kwa vidole vilivyovikwa glavu na kuloweshwa maji. Usiweke nene mara moja, bali tabaka jembamba, ulale, kesho yake uweke jingine. Sisi tuliichanganya vibaya mara moja, na baada ya siku tatu kidole kimoja kilikuwa bado laini kama ugali. Tulikikwangua, tukaanza tena.

Mikono ilituchukua juma zima. Mikono ya sanamu za kiwandani ni myembamba, laini, kama isiyopata kuinua ndoo. Anuarite alifundisha, alifagia sakristia, alisaidia jikoni. Tulimpa vidole vifupi kidogo, na kifundo chenye nguvu.

USO

Uso ulikuwa mzigo mzito kuliko yote. Seremala aliukwangua mpaka ukabaki tambarare kama embe lililokatwa upande mmoja, na mtu aliyeingia ghafula angeogopa. Kisha akaanza kuujenga.

Picha yetu ilimwonyesha Anuarite kwa mbele tu. Mmoja wetu akashauri: "Tumtazame binti ye yote wa shule, sote si Waafrika?" Mwalimu akamzuia. "Hawa mabinti zetu ni Walugbara, na Wakakwa, na Waalur. Anuarite alikuwa Mbudu. Wazungu walitufanyia hivyo, wakatuchora sote uso mmoja. Je, nasi tujifanyie?" Basi tuliishikilia kadi, tukapima: kutoka jicho hata jicho, upana wa pua, pembe za mdomo, duara la mashavu. Tukayashusha macho yatazame mbele, kwa mtu aliye mbele yake.

Katika siku hizo tulijifunza jambo ambalo lilitupatanisha na Teresa pia. Dada yake Céline, aliyekuwa mtawa katika nyumba ile ile ya Lisieux, alikuwa na kamera, akampiga Teresa picha nyingi. Lakini baada ya kifo chake, picha zilizotolewa kwa watu zilikuwa zimerekebishwa kwa mkono ili awe mlaini na mtamu zaidi. Mwaka 1961 ndipo picha za asili zilipochapwa katika kitabu, na watu wakaona uso mwingine: wenye nguvu, wenye kidevu imara, uso wa msichana ajuaye atakalo. Basi hata Teresa wa madukani si Teresa kamili. Yeye naye alikuwa amepakwa.

Hofu tuliiweka wapi? Si katika macho, kwa maana macho yaliyotolewa sana yangekuwa mchezo wa kuigiza. Seremala aliiweka katika mdomo: midomo imefungwa, lakini imekazwa kidogo upande mmoja, kama mtu aliyekwisha kusema neno lake na hatalirudia.

Baada ya hapo ilikuja rangi ya kwanza, ya kijivu, ambayo hufichua kila kosa la msasa, nasi tukasahihisha. Ndipo rangi ya ngozi. Hatukununua tena kopo la kahawia. Tulichanganya nyekundu, njano na buluu kidogo, tukapata kahawia iliyo hai. Tukaanza na kiza chekundu penye vivuli, chini ya kidevu na kando ya pua. Tukapanda tabaka kwa tabaka mpaka wepesi wa paji la uso na mifupa ya mashavu. Viganja tukavifanya vyepesi, na kucha pia.

SANAMU NDANI YA SANAMU

Likabaki swali moja: ashike nini? Wafiadini huchorwa na tawi la mtende, nalo tuliliweka katika mkono wa kushoto. Lakini Anuarite alikuwa na kitu chake mwenyewe. Alipenda kuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, nayo alikuwa nayo mfukoni siku alipouawa. Mwili wake ulitupwa pamoja na maiti wengine katika kaburi la wote. Miezi minane baadaye, kaburi lilipofukuliwa, sanamu hiyo ndogo ndiyo iliyosaidia kumtambua. Mwaka 1978 mabaki yake yalihamishiwa ndani ya kanisa kuu la Isiro.

Tufikirini, ndugu. Askari waliweza kumwondolea uhai, na udongo uliweza kuuondoa uso wake. Kitu kidogo cha mfukoni kikasema: ni yeye.

Tulichukua kipande cha yale mawaridi ya Teresa kilichokuwa kimevunjika njiani, na kwa ncha ya kisu seremala akachonga humo Bikira Maria, urefu wake kama kifundo cha kidole. Wengine walitaka Anuarite amwinue juu watu wote waone. Mama mzee akasema, "Alikuwa mfukoni." Wengine wakajibu kwamba akiwa mfukoni hakuna atakayemwona. Mwishowe mkono wa kulia ulifinyangwa ukitoka mfukoni, na Mama wa Mungu aonekana kichwa na mabega tu kati ya vidole. Mtu aliye mbali hamwoni, hata akaribie.

Vipande vilivyobaki, pamoja na vumbi na mabaki ya uso wa kwanza, hatukuvitupa jalalani. Sheria haikutulazimisha, kwa kuwa havikuwa vimebarikiwa. Lakini vilikuwa mfano wa Teresa, tukavizika chini ya mwembe nyuma ya kikanisa.

JINA CHINI YA KITAKO

Vijana waliandika mbele ya kitako kwa herufi nzuri: "Mtakatifu Anuarite." Katekista akaja, akasoma, akatikisa kichwa. "Upendo wenu ni mzuri, lakini Kanisa bado halijasema hivyo. Lasema Mwenye Heri. Nasi tuseme Mwenye Heri, na tuzidi kuomba." Wakafuta, wakaandika upya.

Hapo tukalikumbuka sharti la padri, kwamba tusiwadanganye watu. Tukailaza sanamu juu ya mkeka, na chini ya kitako, mahali pasipoonekana, seremala akakwaruza kwa msumari maneno haya: "Nilitengenezwa kiwandani kuwa Mt. Teresa wa Mtoto Yesu. Nilivunjika njiani. Niligeuzwa Ariwara." Akaandika na mwaka.

Wanafunzi wasomao gazeti hili, wengi wenu mwapenda kugeuka. Mwaweza kubadili nguo, lugha, nywele na jina kwa siku moja, na wenzenu wakapiga makofi. Hatuwakatazi. Lakini sisi tulijifunza kwa aibu kwamba kumgeuza mtu si kazi ya mchana mmoja na kopo moja la rangi. Hapana budi kwanza kumjua yule utakaye kuwa mfano wake: aliishi wapi, alifanya kazi gani, aliogopa nini, alikataa nini. Kisha hukatwa. Kisha husubiriwa tabaka likauke. Katekisimu huita jambo hilo uongofu.

Sikukuu ya tarehe 1 Desemba ilitupita mwaka ule, sanamu haikuwa tayari. Ilibarikiwa mwaka uliofuata, tarehe iyo hiyo. Yule mtoto wa swali la dukani, wakati huo amekwisha kuingia darasa la nne, alisukumwa mbele ili aione vizuri. Aliitazama chini mpaka juu, kisha akasogea karibu kabisa na mkono wa kulia, akageuka kwa mama mzee, akanong'ona: "Ameficha kitu."

"Ndiyo, mwanangu," akajibu mama. "Mtazame vizuri."